Hakuna Mapigo au Hayajaonekana? Uhakiki wa Istilahi za Mimba Changa

Kazi ya kuunda istilahi katika nchi yetu imekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kutafuta majina. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kamati zake zimekuwa zikikaa mbele ya orodha za maneno ya kigeni na kujaza nafasi moja baada ya nyingine, na katika nafasi hizo zimeandikwa nomino kwa maelfu. Hatuna nia ya kuidharau kazi hiyo, maana na sisi tumo. Lakini liko jambo moja ambalo orodha za namna hiyo hazilishiki, nalo ni kwamba mara nyingine istilahi inayotafutwa si jina bali ni umbo la kitenzi. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kuhakiki maneno yanayotumika kueleza moyo wa mtoto aliye tumboni katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Kilichotusukuma ni karatasi moja. Tulionyeshwa karatasi hiyo Oldonyo Sambu, katika Wilaya ya Arusha, kwenye barabara iendayo Namanga. Wengi wa wenyeji wa huko ni Waarusha na Wamaasai, na lugha ya nyumbani ni Kimaasai. Jina lenyewe la mahali ni la lugha hiyo, na mgeni asemaye "Mlima Oldonyo Sambu" huwa ametaja mlima mara mbili bila kujua. Kiswahili huko ni lugha ya shule, ya soko, ya ofisi na ya zahanati. Kwa hiyo habari ya hospitali aghalabu huvuka mito miwili kabla ya kumfikia mwenyewe: kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda Kimaasai. Aliyetuonyesha karatasi, kwa ruhusa ya wenyewe, ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye siku ilipoletwa aliitwa nyumba ya jirani aisome.

Karatasi ilikuwa ya mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza, aliyeona damu kidogo akapelekwa mjini kupigwa picha ya tumbo. Kituo alikopimwa hatukitaji, wala aliyeandika hatumtaji, kwa kuwa kosa lake ni la wengi na nia yake ilikuwa njema: baada ya maelezo ya Kiingereza yaliyopigwa chapa aliongeza kwa mkono mistari mitatu ya Kiswahili, jambo ambalo wenzake wengi hawajisumbui kulifanya. Kiingereza kilisema kwamba mfuko wa mimba umeonekana ndani ya mji wa mimba. Kwamba kiinitete kina urefu wa milimita 3. Kwamba mwendo wa moyo haujaonekana. Na kwamba mama arudi baada ya siku 14. Kiswahili kilichoandikwa chini yake kilisema: "Mtoto hana mapigo ya moyo. Tishio la kutoa mimba. Arudi baada ya wiki mbili."

Mwalimu alisoma kama ilivyoandikwa. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma lakini Kiswahili anakisikia vizuri, alielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: mtoto amekufa, mkwewe anashukiwa kuwa alitaka kuitoa mimba, na hizo wiki mbili ni za kungojea kwenda kusafishwa. Nyumba ikanyamaza. Kisha mama yule akauliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyomo katika makala haya: "Mwalimu, huo moyo umekufa, au haujaamka?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Alirudia kusoma maneno yale yale, kwa sababu katika maneno yale jibu halikuwamo. Lilikuwa katika Kiingereza cha juu, na muuguzi wa zahanati ndiye aliyelisoma kesho yake. Siku ya 14 mama alirudishwa mjini, na moyo ulionekana ukipiga.

Ili msomaji apime ubaya wa mistari ile mitatu, hatuna budi kueleza kwa ufupi jambo lenyewe lilivyo. Moyo ndicho kiungo cha kwanza kuanza kazi yake. Huanza ukiwa mrija tu, kiasi cha siku ya 22 tangu mimba kutungwa, mwenye mimba akiwa pengine ndiyo kwanza anashangaa kwamba siku zake zimepita. Kwa hesabu ya kliniki, ambayo huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hiyo ni wiki tano na siku kadhaa. Ultrasaundi inayopimia kwa njia ya uke huweza kuona kupiga huko kuanzia kiasi cha wiki sita. Ile inayopitishwa juu ya tumbo huchelewa kwa siku kadhaa, hata wiki nzima. Kiinitete cha milimita 3 kiko mlangoni kabisa mwa wakati huo. Moyo wake waweza kuonekana, waweza usionekane, na kutoonekana kwake siku hiyo si habari ya kifo.

Tangu hapo kasi hubadilika kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1973 Hugh Robinson na mwenzake Shaw-Dunn walichapisha vipimo vyao kutoka Glasgow, mji ule ule ambako Ian Donald na wenzake walikuwa wameueleza ulimwengu mwaka 1958 jinsi ya kuchungulia tumboni kwa mawimbi ya sauti. Walikuta kwamba moyo huanza kwa kiasi cha mapigo 120 kwa dakika katika wiki ya sita na ya saba, hupanda upesi hadi kiasi cha 175 katika wiki ya tisa, kisha huteremka polepole, na kufikia wiki ya 15 huwa karibu na 150. Vipimo vilivyofuata vimeuthibitisha mwendo huo. Hupanda kwa sababu moyo wenyewe unajengeka na sehemu inayouamrisha inakomaa. Huteremka kwa sababu mishipa ya fahamu inayouzuia usikimbie nayo imeanza kufanya kazi. Katika miezi ya mwisho, kasi ihesabiwayo kuwa ya kawaida ni kati ya 110 na 160.

Sasa tukitazame kipeperushi kilichobanwa pamoja na karatasi ile. Kimeandikwa kwa Kiswahili chote, jambo la kupongezwa, lakini kinasema tu kwamba "kiwango cha kawaida cha mapigo ya moyo wa kijusi ni 110 hadi 160". Sentensi hiyo fupi ina makosa matatu, na mawili kati yake ni ya lugha.

Kosa lisilo la lugha ni kwamba hakutaja wiki. Mama wa wiki tisa aliyeambiwa 172 ataona amezidi mpaka, na mama wa wiki sita aliyeambiwa 104 ataona amepungukiwa, ilhali kwa wiki zao wote wawili wamo katika kawaida. Mfasiri atasema hilo si lake, ni la daktari. Sisi hatukubali. Mfasiri anayeona tarakimu isiyotaja wakati anapaswa kuuliza, kama vile anavyouliza mtu aliyeambiwa aje saa mbili: saa mbili ya asubuhi au ya usiku?

Kosa la pili ni neno *kiwango*. Neno hilo lina uzito wa cheo na kipimo kilichowekwa: kiwango cha elimu, kiwango cha mshahara, viwango vya ubora. Msomaji anayekutana nalo hapa anafikiri kuna alama ambayo mtoto wake ameifikia au ameikosa. *Idadi* nayo haitoshi, maana idadi haina saa ndani yake. Neno tulilo nalo siku zote ni *kasi*. Gari lina kasi, maji yana kasi, na moyo una kasi; anayesikia kasi hutarajia kwamba itapanda na kushuka bila mtu kulaumiwa. Tunapendekeza *kasi ya mapigo*, ikifuatiwa na "kwa dakika". Lakini tunawaonya watumiaji na kitenzi *kushuka*. Tangu presha ilipokuwa neno la kila nyumba, kilichoshuka mwilini ni ugonjwa. Kasi ikitoka 175 ikawa 155 katika wiki ya 13, na iandikwe kwamba "imepungua kama inavyopaswa katika umri huu wa mimba". Ni maneno mengi, lakini yanazuia safari ya bure ya kutoka Oldonyo Sambu hadi mjini.

Kosa la tatu ni *kijusi*. Hapa tunajua kwamba tunagusa neno lililokwisha kuingia katika vitabu vya shule, wala hatudai litupwe. Linafaa mahali pake. Lakini mahali pake si wiki ya sita. Wataalamu hutenga vipindi viwili: hadi mwisho wa wiki ya kumi kwa hesabu ya kliniki huyu ni *kiinitete*, na baada ya hapo ndipo awapo *kijusi*. Kiinitete ni neno lililoundwa vizuri mno. Mkulima wa mahindi na maharage hahitaji kuelezwa kiini ni nini wala tete ni nini; anajua kwamba punje ikiwa tete haijashiba wala haijawa ngumu, na hashangai kuiona bado laini. Kijusi, kinyume chake, hakimwelezi chochote, na kwa sikio la mtu wa pwani kiko karibu mno na *ujusi*, hali ile ya mzazi asiyetoharika baada ya kujifungua. Tumewahi kumsikia bibi mmoja wa Tanga akikataa katakata mjukuu wake kuitwa hivyo. Katika maandishi ya kitaalamu *kiinitete* na *kijusi* vitumike kila kimoja kwa wakati wake. Katika mazungumzo na mama, asemeshwe *mtoto*, kama wauguzi wetu wanavyofanya, maana neno hilo yeye mwenyewe ndiye aliyelichagua.

Neno *mapigo* lenyewe tumeliacha kwa makusudi hadi hapa, maana lina mambo mengi. Pigo ni dharuba. Pigo ni msiba uliolipata taifa. Na msomaji wa Biblia anayajua mapigo yaliyoipata Misri. Hata hivyo hakuna anayechanganyikiwa akisikia "mapigo ya moyo", kwa kuwa moyo unaofuata huondoa hofu. Wako waliopendekeza *mdundo*, lakini moyo unaodunda ni wa mtu aliyeogopa au aliyependa, nasi hatumtakii mtoto lolote kati ya hayo mapema hivyo. Basi mapigo yabaki. Shida yake ni nyingine: neno hili moja limebebeshwa mizigo mitatu. Linatumika kwa kule kupiga kwenyewe, kwamba moyo unafanya kazi. Linatumika kwa kasi, kwamba unapiga mara ngapi. Na linatumika kwa sauti inayosikika kwa anayeweka sikio.

Mizigo hii ilikuja kwa nyakati mbalimbali, na historia yake ndiyo inayoeleza vurugu iliyopo. Kwa muda mrefu moyo wa mtoto ulikuwa kitu cha kusikika tu. Jean-Alexandre Lejumeau de Kergaradec, daktari Mfaransa, aliueleza kwa kusikiliza mapema katika miaka ya 1820, na mwishoni mwa karne hiyo Adolphe Pinard akatoa kile chombo chenye umbo la tarumbeta fupi ambacho mkunga hukiweka tumboni na kukibana kwa sikio. Chombo hicho kingali kazini katika zahanati zetu, lakini hakisikii kitu cha maana kabla ya kiasi cha wiki 18 hadi 20. Ndiyo maana lugha ya kliniki iliyozoeleka humwuliza mama kuhusu mtoto kucheza na kumsikilizia mapigo kuanzia nusu ya mimba. Lugha hiyo ni nzuri. *Kimo cha mimba*, *mlalo wa mtoto*, *kitangulizi*, *mtoto anacheza*: tungependa kuwajua waliochagua maneno hayo tuwashike mkono. Ila ni lugha ya nusu ya pili. Ilipokuja ultrasaundi, na hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe nayo mara moja kabla ya wiki ya 24, tulichukua maneno ya sikio tukayapeleka kwa jicho, tena katika wiki ambazo sikio lisingeweza kufika.

Kwa hiyo mama wa wiki saba huomba "asikilizishwe", na wapimaji wengine humkubalia, ingawa mwongozo wa kazi yao unawataka katika wiki hizo za mwanzo wahesabu kasi kwa mchoro wa mwendo kwenye kioo badala ya kuutoa moyo sauti kwa dopla, ambayo hutumia nguvu nyingi zaidi na kupasha joto. Kama tungekuwa tumesema tangu mwanzo kwamba moyo huu *unaonekana ukipiga*, pengine wasingeombwa. Pendekezo letu ni rahisi: *kupiga kwa moyo* kwa maana ya kwanza, *kasi ya mapigo* kwa ya pili, na *sauti ya moyo* kwa ya tatu. Hakuna neno jipya hata moja hapo, na tunatumaini kamati haitatuona wavivu kwa sababu hiyo.

Jambo la wiki halituhitaji kukaa sana. Ila tofauti ya *wiki sita* na *wiki ya sita* ni lazima ilindwe. Aliyetimiza wiki tano na siku mbili yumo katika wiki ya sita, lakini hajatimiza wiki sita, na katika mimba changa siku hizo tano zaidi ndizo zinazoamua kama moyo utaonekana. Tena mama akihesabu tangu siku anayodhani mimba ilitungwa, atakuwa nyuma ya kliniki kwa kiasi cha wiki mbili. Iandikwe "wiki sita kamili tangu hedhi ya mwisho".

Turudi kwenye mstari wa pili wa karatasi: "Tishio la kutoa mimba." Hapa lugha ya tiba ya Kiingereza yenyewe ndiyo chanzo, kwa kuwa kwa muda mrefu imetumia neno moja kwa mimba inayotoka yenyewe na kwa mimba inayotolewa. Lakini Kiswahili hakina umaskini huo. *Kutoa* kuna mtendaji, *kutoka* hakuna. Herufi moja tu inamtenga mwanamke aliyepatwa na mtu aliyetenda. Katika nchi ambayo Kanuni ya Adhabu inamhesabu mtendaji huyo kuwa mhalifu, kuiacha herufi hiyo ni kumwandikia mgonjwa mashtaka badala ya ugonjwa. Kilichokusudiwa ni *dalili za mimba kutaka kutoka*, na katika hali hiyo mimba nyingi hubaki.

Sasa tufike kwenye mstari wa kwanza, ambao ndio hasa sababu ya makala haya. "Mtoto hana mapigo ya moyo." Tazama mwandishi alivyofanya: alikuwa na taarifa ya jambo lililotafutwa kwa macho likakosa kuonekana hadi saa ile, akaigeuza kuwa taarifa ya mtoto kupungukiwa na kitu. Alitafuta nomino, akaipata, akaikanusha kwa *hana*. Ilhali Kiswahili kina kikanusho ambacho lugha nyingi hulazimika kukizunguka kwa maneno mawili matatu, yaani *-ja-*. "Hajafika" si "hakufika", na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukosea. Anayesema "hajafika" ameacha mlango wazi na chakula kimefunikwa. Anayesema "hakufika" ameshaondoa vyombo. Na mama mkwe wa Oldonyo Sambu, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, ndicho alichouliza: "au haujaamka?" Umbo ambalo lugha ya taifa ilikuwa nalo tayari, na ambalo mwandishi aliyesoma alilikosa, yeye alilishika pasipo kufundishwa.

Tunapendekeza basi kwamba katika taarifa za mimba changa maumbo manne yahesabiwe kuwa istilahi kamili, kila moja na masharti yake, na lisitumike moja badala ya jingine.

*Moyo haujaonekana ukipiga* litumike pale kiinitete kingali kidogo. Mpaka uliokubaliwa na wataalamu tangu mwaka 2013 ni milimita 7 kwa kipimo cha njia ya uke: chini ya hapo hakuna ruhusa ya kutamka kwamba mimba imekufa, na kipimo hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. *Moyo haukuonekana* ni taarifa ya kipimo, si ya mtoto. Hufaa pale chombo kilipopitishwa juu ya tumbo tu, au picha haikuwa safi. Na litajwe pamoja na siku na chombo, "haukuonekana leo kwa chombo hiki". *Moyo haupigi* ni la mwisho. Husemwa pale kiinitete kimefikia milimita 7 au zaidi na jicho la pili limehakikisha. *Moyo umeacha kupiga* lisitumike ila kwa mtoto ambaye moyo wake ulikwisha kuonekana ukipiga hapo kabla, maana hakuna kinachoacha kile ambacho hakikuonekana kukianza.

Yuko atakayetuambia kwamba tunataka kuwabembeleza wagonjwa. Sivyo, na ushahidi tunao. Muuguzi yule yule aliyeisoma karatasi alitusimulia habari ya mama mwingine, ambaye kiinitete chake kilikuwa kimepita mpaka huo kwa mbali na moyo haupigi. Aliyempima, kwa huruma, alimwambia "bado". Alirudi, akaambiwa "bado". *Bado* ni neno tamu lenye hila: "bado yupo" na "bado hajaja" hutumia bado ile ile. Mama huyo alibeba wiki tatu za matumaini ambayo hayakuwapo, akinywa uji kwa ajili ya mtu wa pili. Yeye naye aliibiwa na kitenzi, kwa upande wa pili. Aliyestahili *haupigi* akapewa *haujaonekana* amedanganywa sawasawa na yule aliyestahili *haujaonekana* akapewa *hana*.

Huo mwaka 1973 tulioutaja, ambao Robinson alichapisha vipimo vyake, ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya hapa kwetu, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana habari za malaria, kichocho na kuhara. Wale wanaosema kwamba tiba haisemeki kwa Kiswahili mpaka kwanza orodha zikamilike wangefaa kukumbuka kwamba mafunzo yale yalijengwa juu ya vitenzi: chimba, funika, chemsha, fyeka. Orodha zilifuata baadaye.

Tunachoiomba kamati ni kuongeza safu moja katika orodha zake za tiba, ambamo pamoja na nomino yataandikwa maumbo ya kitenzi yanayoruhusiwa, ya kukubali na ya kukanusha. Na tunawaomba wakunga, wauguzi na wapimaji walio miongoni mwa wasomaji wetu watuletee sentensi wanazotumia wenyewe siku kama hiyo, zikiwa nzima kama zinavyotamkwa, pamoja na wiki ya mimba na aina ya chombo. Wale wanaofanya kazi kati ya Waarusha na Wamaasai watufanyie hisani ya kutuandikia pia jinsi *enkaitoyoni*, mkunga wa kienyeji, anavyomwambia mama kwamba moyo, *oltau*, wa mtoto haujaonekana, na kama katika lugha yao neno hilo hutofautiana na lile la moyo usiopiga. Mwalimu wetu ameshatuletea jibu lake, lakini anasema tusilichapishe mpaka atakapomwuliza mama yule mara ya pili.